Makaa ya Nungwe na Wimbo wa Wagika

Ninyi vijana wa gatini Mwanza, mlioniaga mwezi uliopita kwa soda na hotuba ndefu, mmeniomba niandike kidogo habari za matishali ya makaa. Nimekubali, kwa sababu magoti yangu hayana kazi nyingine sasa, na kwa sababu katika zile hotuba nilisikia mambo mengi ambayo sikuyafanya. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vyetu mnavijua, na anayetaka kujua mshahara aitazame nyumba yangu.

Nilitoka kwetu Mhunze wakati vita kuu ya pili bado inapiganwa. Jina langu ni Shija, kwa sababu nilizaliwa nikiwafuata mapacha, na kwetu mtoto wa namna hiyo haulizwi jina. Mwaka ule mvua iliikataa pamba yetu, nikatembea mpaka stesheni ya Shinyanga, nikapanda treni kwenda Mwanza. Maji mengi niliyokuwa nimeyaona maishani ni lambo la kunyweshea ng'ombe. Nilipoliona ziwa nilimuuliza mtu wa karibu yangu nani amelichimba, na mtu yule akacheka mpaka akakaa chini.

Siku ya kwanza gatini nilipewa beleshi na karai, nikaonyeshwa mlima mweusi. Hakuna aliyeniambia ni kitu gani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, husema watu. Kwetu gatini hawakungoja hata uji. Jioni ndipo nikasikia kwamba yale mawe yanaungua, na kwamba ndiyo yanayoendesha stima za ziwani na mitambo ya mgodi wa dhahabu kule Geita. Sikuamini. Nikachagua bonge moja zuri, nikampa mtu wa kwetu aliyekuwa anarudi ampelekee mama yangu alione. Bwana yule alilifikisha bonge, maneno akayasahau njiani. Mama akaona mwanawe amemletea figa kutoka Mwanza. Akalipanga pamoja na mafiga yake mawili, akateleka maharage. Mwanzo, alinisimulia, lilikaa vizuri kuliko yale mengine. Halafu likashika moto, chungu kikapinduka, na nyumba ikatoa moshi ambao majirani waliuzungumza mpaka mavuno. Nilipokwenda kumwamkia akaniambia, "Mwanangu, huko unafanya kazi na mawe yasiyo na adabu."

Kwa wale ambao hamkuikuta kazi hiyo, ilikuwa hivi. Makaa yalikuja Mwanza kwa treni. Sisi tuliyapakia kwenye tishali, yaani chombo cha chuma kisicho na injini, kama sanduku refu lililoachwa wazi juu. Stima ililifunga kamba na kulivuta kuvuka ziwa mpaka ghuba ya Nungwe. Sisi wapakiaji tulisafiri humo humo juu ya shehena, kwa sababu Nungwe hapakuwa na watu wa kutosha kupakua. Kutoka Nungwe malori yaliyapandisha makaa mpaka mgodini. Pamoja na makaa tulipeleka magogo ya kuzuia mapango yasiporomoke, unga wa wachimbaji, vyuma vya mashine, na mapipa ya ile dawa ya sumu ya kusafishia dhahabu, ambayo haikuruhusiwa kukaa karibu na unga hata kwa utani. Dhahabu yenyewe sikuwahi kuiona. Ilikuwa na njia yake, na njia hiyo haikupita begani kwangu.

Aliyenifundisha kazi ni mzee mmoja Msumbwa wa Ushirombo, tuliyemwita Baba Monika. Alikuwa fundi seremala misheni kabla ya kuja ziwani, na useremala haukumtoka. Kila mtu gatini aliangalia tishali limezama kiasi gani. Yeye aliangalia limelala upande gani. Alikuwa na timazi yake ya kujengea, kipande cha risasi kwenye uzi, akaitundika kwenye ukuta wa ndani wa tishali na kuchora alama pale ncha yake ilipoangukia chombo kikiwa tupu. Ncha ikihama kwenye alama, alisimamisha kazi. Alinifundisha pia kuchoma nondo katikati ya lundo la makaa yaliyolowa, kuiacha kidogo, kisha kuitoa na kuishika. "Ukiweza kuishika, kalale," aliniambia. "Ukishindwa, ita watu wayatandaze, maana yanajipika yenyewe humo ndani." Nilishika nondo nyingi katika maisha yangu. Kovu la kiganja cha kulia ni la ile niliyoishika bila kungoja aniambie.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia limegeuzwa geuzwa.

Mnajua sisi Wasukuma katika ngoma tuna pande mbili, Wagika na Wagalu. Mtu huingia upande mmoja akiwa kijana, kwa dawa na kiapo, na humo hufia. Baada ya mavuno pande hizo hushindana uwanjani kwa kucheza na kwa nyimbo za kutukanana, na mshindi hutamba mwaka mzima. Wapakiaji wetu wengi walikuwa Wasukuma, basi ushindani ukaja nao gatini. Tishali lilikuwa na ubao mrefu ulioligawa katikati toka mbele hadi nyuma. Wagika walipakia kulia, Wagalu kushoto. Kila upande ulikuwa na mstari mweupe ukutani, na waliotangulia kuufikia ndio walioshinda. Wenye kushindwa waliweka mabeleshi chini hapo hapo. Desturi haikuwaruhusu kuongeza hata karai moja, wangechekwa kama mtu anayeendelea kucheza ngoma ilhali watu wamekwenda nyumbani. Wakubwa wa gati waliupenda mchezo huo kwa sababu kazi iliruka. Lile pengo la upande ulioshindwa alilijaza Baba Monika na Wasumbwa wenzake, ambao hawakuwa Wagika wala Wagalu, huku wakitusikitikia.

Mimi nilikuwa Mgalu. Aliyeniingiza ni mjomba wangu Bundala, kaka yake mama, manju aliyejulikana kwetu kote kwa kutunga nyimbo. Mjomba Bundala akikutunga, ulihama kijiji. Njuga zangu alinifunga yeye mwenyewe miguuni.

Baba Monika alipozeeka alirudi Ushirombo, na timazi akaniachia mimi pamoja na kazi ya kusimamia upakiaji. Wasumbwa wake waliondoka mmoja mmoja wakaenda kulima. Nikawa nalijaza pengo kwa vibarua wowote niliowapata.

Mwaka mmoja masika yalizidi. Maji yaliingia katika mapango ya chini ya mgodi, pampu zikawa zinafanya kazi usiku na mchana, na pampu zile zilikula makaa. Barabara ilikuwa imekatika kwa muda, akiba ya mgodini ikakaribia kwisha, na ujumbe ukaja Mwanza kwamba makaa yasipofika upesi pampu zitazimika, mapango yatajaa, na watu wataambiwa warudi makwao. Watu wenyewe walikuwa ndugu zetu. Hakuna nyumba kwetu ambayo haikuwa na mtu Geita. Mjomba Bundala alikuwa na mwanawe wa kwanza kule chini.

Tulipakia kwa mvua. Mashindano yale yalikuwa ya mwisho kabla ya watu kurudi kuvuna na kucheza ngoma, kwa hiyo kila upande ulijua kwamba atakayeshinda leo ataimbwa uwanjani. Wagika waliongozwa na Ngasa, mtu mrefu wa Segese mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa kijiji cha pili. Walifanya kazi siku ile kama watu waliotumwa na mizimu. Wakaufikia mstari wakati Wagalu bado wako chini sana, na Ngasa akapanda juu ya lundo lake akaanza wimbo wao. Nitauandika kwa Kiswahili, ingawa hivyo chumvi yake inapungua:

Wagalu mmelala, jua limepanda,
mabeleshi yenu yameota kutu.
Amkeni mkachunge ndama,
makaa yaacheni kwa wanaume.

Wagalu wenzangu wakatupa mabeleshi, wakanuna. Mimi na vibarua wawili tukaanza kulijaza pengo, lakini stima ilikuwa imekwisha kupiga honi na kamba ikakaza. Timazi ilikuwa imehama upana wa kidole gumba kuelekea kulia. Nikaona kwamba kwa maji matulivu tutasawazisha njiani, na mgodi hauwezi kungoja.

Maji hayakutulia. Tulipoiacha nchi kavu nyuma yetu upepo ulikuja kutoka kushoto, na mawimbi yakawa yanalisukuma tishali liinamie kule lilikokuwa limeinamia tayari. Maji yakaanza kuruka ukingo wa kulia na kuingia katika makaa. Makaa ya vumbi hunywa maji kama unga. Kila wimbi likawa linaongeza uzito kule kule. Timazi ikatoka kwenye kidole gumba ikafika upana wa kiganja, na watu wakaanza kushika ubao wa kati bila kuambiwa. Hawa walikuwa watu wa ng'ombe na pamba. Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea.

Nikatazama mbele. Serahangi wa stima, yaani mkubwa wa mabaharia, alikuwa amesimama nyuma ya chombo chake, pale kamba yetu ilipofungwa, na mkononi ana shoka. Simlaumu. Tishali likipinduka huku limefungwa, huivuta stima nalo. Kazi yake ilikuwa kukata kamba kabla ya hapo, na alikuwa anatutazama ajue ni lini.

Dawa ilikuwa moja tu. Makaa ya kulia yatiwe kwenye makarai, yapitishwe juu ya ubao, yamwagwe kushoto. Nikapiga kelele, "Wagika! Chukueni makarai, hamisheni! Wagalu, pokeeni!"

Hakuna aliyejongea. Ngasa alinitazama, mvua inamtiririka usoni.

"Baba Kulwa," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu, "wewe ni Mgalu."

"Mimi ni msimamizi. Hamisha."

"Tukiyagusa makaa yetu kabla ya Nungwe, ushindi umevunjika. Kule uwanjani mjomba wako ataimba nini? Kwamba Wagika walijaza, kisha wakapakua wenyewe kwa kuogopa mawimbi?"

"Ngasa, tutakufa."

"Basi Wagalu waje wayachote wao. Sisi tutawatazama."

Hapo Mabula, kiongozi wa Wagalu wetu, ambaye alikuwa na uchungu wa kushindwa tangu asubuhi, akacheka kwa sauti. "Leteni, ngosha! Leteni, wanaume! Wageni wetu, karibuni kushoto!" Na Wagalu wote wakacheka naye, mikono yao ikiwa imeng'ang'ania ubao. Nilitaka kumtupa ziwani. Wagika wakakunja mikono kabisa. Wimbi likapita, tishali likachelewa kuinuka, na serahangi akaliinua shoka mpaka begani.

Nimeulizwa mara nyingi niliwaza nini. Niliwaza kwamba nikipiga kelele zaidi nitakuwa Mgalu anayepiga kelele zaidi. Hawakuwa wakiogopa kazi, wala kwa kweli hawakuwa wakiogopa ziwa kama walivyopaswa. Waliogopa wimbo. Basi nikachukua karai, nikavuka ubao kwenda upande wa kulia, nikasimama kati ya Wagika, nikachota, na nikaanza kuimba wimbo wao. Wimbo wa adui ndio mtu anaoujua vizuri kuliko wote, maana ameusikia akiwa na hasira. Niliuimba wote. Nikawaambia Wagalu wamelala. Nikamwambia Mabula, jina lake nikilitaja, akachunge ndama. Nikamtia na mjomba wangu Bundala katika ubeti ambao nilitunga pale pale, Mungu anisamehe, nikasema manju wa Wagalu anatunga akiwa amelala na ng'ombe wanamwitikia.

Sauti yangu siyo nzuri. Ngasa alinikodolea macho kama mtu aliyemwona mbuzi akisoma misa. Kisha kicheko kikampasuka, akatupa kichwa nyuma, akaitikia. Mgalu kuwaimbia Wagika, kwa kinywa chake, mbele ya Wagalu! Ushindi wa namna hiyo haukuwahi kupatikana uwanjani hata kwa dawa. Wagika wote wakaitikia kwa nguvu, na ukishaitikia wimbo ule mikono haiwezi kukaa. Makarai yakaanza kupanda. Wagalu walinitukana kwa maneno ambayo sitayaandika, lakini makarai yaliwafikia usoni ikabidi wayapokee. Waliyamwaga kwa hasira, na hasira ni msaidizi mzuri wa kazi. Tuliimba mpaka koo likakauka, timazi ikarudi upana wa kidole, kisha ikakaa karibu na alama. Nilipotazama tena serahangi alikuwa ameketi juu ya kamba na shoka liko chini.

Tulifika Nungwe. Malori yalikuwa yanangoja yamewashwa, makaa yakapanda mgodini, na pampu hazikuzima. Hakuna aliyetushukuru, na sielewi kwa nini angetushukuru, maana mgodini walijua tu kwamba makaa yamekuja. Lakini mimi nilijua, na niliyatazama yale malori yakipanda mlima mpaka la mwisho likapotea. Katika miaka yangu yote sijapata kujisikia mtu kama siku ile.

Habari zilinitangulia nyumbani. Mjomba Bundala aliniita kwenye uwanja wa ngoma, Wagalu wote wamekaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Uliimba?"

"Niliimba."

"Na mimi uliniimba?"

"Nilikuimba, mjomba. Chombo kilikuwa kinapinduka."

"Ungekufa ukiwa Mgalu," akasema.

Ningeweza kumkumbusha mwanawe aliyekuwa chini ya mgodi, lakini mjomba hajibiwi hivyo, tena mbele ya watu. Akainama akanifungua njuga miguuni mwenyewe, mguu mmoja kisha wa pili, akaondoka nazo. Nililia njia nzima kurudi stesheni, mtu mzima mwenye watoto. Wagika walinitumia ujumbe kwamba niingie kwao bila dawa, bila kiapo, na nitapewa mahali pa mbele. Nilikataa. Hilo lingekuwa kosa la kweli.

Gatini nilibadilisha kitu kimoja, na ndicho ninachojivunia kuliko vyote. Nilipiga ubao wa pili kukata ule wa kwanza, tishali likawa na vyumba vinne. Wagika nikawapa cha mbele kulia na cha nyuma kushoto. Wagalu wakapata cha mbele kushoto na cha nyuma kulia. Ashinde atakayeshinda, chombo hakilali. Mashindano yaliendelea kwa ukali ule ule, na ugomvi ukitokea waliniletea mimi, Ngasa na Mabula pamoja, kwa sababu sikuwa na upande tena. Hivyo ndivyo mlivyolikuta tishali, na nasikia mnadhani lilitengenezwa hivyo kiwandani.

Mjomba hakunisemesha kwa miaka. Kwenye misiba tuliamkiana, basi. Mwaka jana, kabla sijastaafu, binti yake aliniletea ujumbe kwamba mzee ananiita. Nilimkuta amelala nyumbani kwake Mhunze, mchana, mlango uko wazi, amekonda sana. Mwanawe wa kwanza, yule wa mgodini, alikuwa amekaa kando akimpepea. Nilimwamkia mzee, akaitikia. Tukazungumza habari za mvua na ng'ombe mpaka zikaisha.

Kisha akasema, "Ule ubeti wako. Ulionitia mimi. Watu wamenisimulia kila mtu kivyake. Niimbie."

Nikasema, "Mjomba, acha."

"Niimbie. Mimi ni manju, nataka kuusikia."

Nikaimba. Nilianza na ule wa Wagika, kwa sababu wimbo hauanzwi katikati, kisha nikaufikia wangu, manju aliyelala na ng'ombe wanamwitikia. Niliimba polepole kwa aibu, nikitazama chini. Mzee alikuwa amefumba macho. Lakini blanketi lilikuwa fupi, na niliiona miguu yake imetokeza, ile miguu ya Mgalu, inacheza.